UZI: Mtaro wetu uliamuliwa kwenye mchujo wa chama, kabla hata ya siku ya kura

#1 Mwanakano

Wadau, hamjambo. Uzi huu nimeuandika kwa jioni tatu, nikitoka shambani naongeza kidogo. Ni mrefu, mnivumilie.

Natoka uwanda wa Kano, pande za Ahero, Kaunti ya Kisumu hapa Kenya. Kwenye ukuta wa sebule yetu kuna mistari minne ya tope, na mama amekataa katakata tupake rangi pale. Kila mstari ameuandikia mwaka kwa mkaa. Ule wa 2020 ndio ulio juu kuliko yote, unanifika mbavuni. Mgeni akiuliza habari za mafuriko, mama humsimamisha kando ya ukuta ampime.

Mwaka jana niliamua sitakaa tena kungojea magunia ya mchanga. Nikajitokeza kwenye kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa asiyezijua, kamati hizi zilikuja na mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2021, na wafadhili wengine wakaongeza. Wazo lenyewe ni zuri kweli. Watu wa wadi wanakaa, wanasema maji yanapita wapi na ng'ombe wanakosa maji wapi, wanachagua miradi, kaunti inatoa pesa. Ili kaunti ipate fungu la miradi, ni lazima iwe na sheria na hazina ya tabianchi, na itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo.

Nilikuwa katibu. Tulizunguka vijiji kwa miguu wiki mbili, daftari mkononi, tukaandika miradi mitatu. Wa kwanza ni kuzibua mtaro wa zamani unaotoa maji mashambani na kuyarudisha mtoni. Umejaa tope na magugu hadi mbuzi wanalishwa ndani yake. Wa pili ni kuinua vyoo vya shule ya msingi, maana mafuriko yakija vinafurika, na maji hayohayo ndiyo watoto wanayavuka. Wa tatu ni kitalu cha mianzi na miti ya kienyeji kando ya mto. Wote tukatia sahihi.

Orodha iliporudi, mtaro ulikuwa umehamia kijiji kingine, kilicho juu kidogo, ambako maji hayajawahi kumfikia mtu magotini. Nikamwendea afisa mmoja, mtu mzima wa heshima, kumuuliza kulikoni. Hakunizungusha. Alifunga mlango, akaniuliza: "Kijana wangu, nyinyi huko kwenu mlimpa nani kura kwenye mchujo?"

Alisema mchujo. Kwenye uchaguzi wenyewe kijiji chetu na kile kingine tulikuwa chama kimoja, tulipiga suti kutoka juu hadi chini. Ila kwenye mchujo tuligawanyika, na aliyeibuka na tiketi alitoka upande wa wenzetu. Nimehudhuria semina za tabianchi, nimepewa kalamu na begi, na hakuna hata moja ambako neno mchujo lilitajwa.

Chama kinaingilia wapi

Tumezoea kutafuta siasa za mazingira kwenye manifesto. Manifesto zote zina ukurasa wa miti, na hakuna mgombea atakayesimama jukwaani Kisumu au Nakuru akasema anapenda mafuriko. Hata chama chenye jina la mazingira tulikuwa nacho, Mazingira Green Party ya Wangari Maathai. Lakini yeye mwenyewe, aliyekuja kupata Nobeli ya Amani mwaka 2004, aliingia bungeni 2002 kwa tiketi ya NARC. Kura za nchi hii hazijawahi kwenda kwa rangi ya kijani peke yake.

Angalieni badala yake nani anashika nini. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka ziingize jambo hili kwenye CIDP, ule mpango wa miaka mitano, na zimteue waziri wa kaunti wa kulisimamia. Sasa, CIDP inaandikwa na gavana aliyeingia na inapitishwa na bunge la kaunti. Ndani ya bunge, ni vyama vinavyogawana viti vya kamati ya bajeti, kupitia viongozi wao na viranja wao. Diwani, yaani MCA, akikaidi, kiranja anaweza kumtoa kwenye kamati. Akikihama chama kilichomleta, Kifungu cha 194 kinamnyang'anya kiti. Na wale wa kuteuliwa, ambao wengi ni kina mama na vijana, majina yao hutoka kwenye orodha ya chama.

Kwa hiyo kura moja ya MCA juu ya mtaro wa kijiji ina watu wengi nyuma yake ambao hamtawaona kwenye baraza la chifu.

Katika eneo kama letu, mwenye tiketi ya ODM, chama alichokiongoza Raila Odinga, mara nyingi huwa amekwisha kushinda. Yaani uchaguzi wa kweli unafanyika kwenye mchujo, miezi kama minne kabla ya Agosti, na siku ile sijawahi kusikia mtu akimuuliza mgombea habari za mto. Tunauliza nani ni wa ukoo gani, nani yuko karibu na wakubwa, nani ana gari. Nami niliuliza hivyohivyo, na sasa naona tope linavyonijibu.

Mto mmoja, vyama viwili

Mto Nyando hauanzi Kano. Maji yake yanatoka milima ya Nandi, Tinderet na Londiani, kwenye nyanda za juu zinazopakana na msitu wa Mau. Kule juu, Nandi na Kericho, magavana walioshinda 2022 ni wa UDA, chama cha Rais William Ruto. Huku chini Kisumu ni ODM. Mvua inanyesha kwa chama kimoja, mafuriko yanatua kwa kingine. Gavana wa juu akipanda miti kwenye miteremko, nyumba zinazopona ni za watu wasiompigia kura. Gavana wa chini akitaka miteremko ilindwe, hana mamlaka hata ya kung'oa gugu moja kule.

Somo la kisiasa la Mau kila mwanasiasa analikumbuka. Mwaka 2007 ODM ilizoa kura Bonde la Ufa. Mwaka 2009 watu wakaondolewa msituni, Raila Odinga akiwa waziri mkuu na kazi ya kuokoa Mau ikiwa chini ya ofisi yake. Ifikapo 2013 kura zile zilikuwa zimeenda URP, chama cha Ruto wakati ule. Mau haikuwa sababu ya pekee, lakini tangu hapo viongozi wengi wakisikia neno "chemchemi" wanahesabu kura kwanza.

Bwawa la Koru-Soin, mpakani mwa Kisumu na Kericho, lilikusudiwa kuyashika maji haya kabla hayajafika kwetu. Nimelisikia kwenye kampeni tangu nikiwa mwanafunzi.

Na hili linaniuma zaidi: Machi 7, 2025 UDA na ODM walitia sahihi mkataba wa kufanya kazi pamoja. Nairobi wamekaa meza moja. Mto wa Nyando una meza gani? Kaunti zote tatu, Nandi, Kericho na Kisumu, ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za ziwa, kaunti 14, makao yake yako hapahapa Kisumu. Meza ipo tayari. Ni nani atakayewaita waketi wazungumze habari za mto?

Naomba kusikia kutoka Nakuru, Busia, Kericho na kwingine. Kwenu chama kinaamuaje?

#2 Mwalimu wa Njoro

Asante Mwanakano. Nimefundisha Nakuru miaka 19, nikuongezee upande wetu.

Kwetu hakuna kisingizio cha vyama viwili. Mto Njoro unaanzia Mau Mashariki na unaishia Ziwa Nakuru, wote ndani ya kaunti moja. Lakini kaunti ina wadi 55, na za juu zina wapiga kura wake na za chini wake. Mwaka 2001, KANU ikiwa madarakani na uchaguzi ukiwa mwaka mmoja mbele, zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye hifadhi. Familia zilizopewa ardhi zililima, zikajenga, zikazaa. Leo watoto wao ni wapiga kura halali na siwalaumu, walipewa karatasi na serikali. Ila ziwa halijui habari za karatasi. Limepanda miaka zaidi ya kumi sasa, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuingia mitaa ya Mwariki. Ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja mvua kubwa, uharibifu wa vyanzo vya maji na tope, pamoja na mambo ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa.

Nilikuwa na wanafunzi wawili, kaka na dada, wakitokea Mwariki. Walihama mara mbili muhula mmoja. Dada alikuja na daftari la hesabu lililokauka juani, kurasa zimeshikana, tukakaa naye mchana mzima tukizibandua kwa kisu cha mkate. Huwa namkumbuka nikisikia neno "sera".

Jambo la pili ambalo halisemwi. Nakuru imekuwa na magavana watatu, kila mmoja muhula mmoja, kila mmoja na chama chake. Kinuthia Mbugua aliingia 2013 kwa TNA, akaangushwa kwenye mchujo wa Jubilee 2017. Lee Kinyanjui akaingia kwa Jubilee, akashindwa 2022. Susan Kihika akaingia kwa UDA. Kila mara CIDP mpya, mawaziri wapya, vipaumbele vipya. Mti wa kienyeji unahitaji miaka 20 kushika mlima, na kwetu mtu wa kuulinda anabadilika kila baada ya mitano. Huko Kisumu mnalalamika chama kimoja kimekaa sana. Sisi mawimbi yanafagia hata kilichokuwa kizuri.

#3 Bunyala Yetu

Mulembe wadau. Mimi ni wa Budalangi. Mwanakano, wewe una vyama viwili. Mto wetu, Nzoia, unashuka kutoka Cherangani na Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia (2022 walichagua DAP-K), Bungoma (Ford Kenya), Kakamega (ODM), ndipo unatufikia sisi Busia (ODM). Mto mmoja, vyama vitatu, na kingo zikivunjika zinavunjikia kwetu.

Hapa kingo za mto ndizo kampeni yenyewe. Nimepiga kura mara tano na sijawahi kumsikia mgombea ubunge ambaye hakuahidi kingo. Marehemu babu alikuwa akisema mgombea akija aulizwe atajenga kwa udongo gani, achimbe wapi, aushindilie kwa nini. Maana kingo za udongo mwepesi ni chakula cha fuko na kiboko akipanda anazibomoa. Wengi walikuwa hawana jibu. Babu alikuwa akiwashukuru kwa adabu na kuwasindikiza hadi njiani.

#4 Mhasibu Milimani

Ndugu Mwanakano, nakuheshimu, lakini naona chama umekibebesha mzigo mkubwa kuliko kinavyostahili. Shida ni pesa. Tufanye hesabu.

Chukua kaunti ya mfano yenye bajeti ya shilingi bilioni 10. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inasema angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo, hiyo ni bilioni 3. Asilimia 1.5 ya bilioni 3 ni milioni 45. Gawanya kwa wadi 35 za Kisumu, unapata kama milioni 1.3 kwa wadi kwa mwaka. Hiyo inazibua mtaro mmoja mfupi. Halafu mgao kutoka Nairobi unachelewa, mishahara inatangulia, na pesa za maendeleo ndizo zinazosubirishwa kila mara. Hata malaika akiwa MCA, atafanya nini na milioni 1.3?

#5 Mwanakano

Mhasibu, hesabu yako ni sahihi na nimeinakili kwenye daftari langu, asante. Lakini iangalie tena. Pesa zingekuwa nyingi, kila kijiji kingepata, na hakuna ambaye angejali mchujo. Ni kwa sababu zinatosha mtaro mmoja ndiyo swali la "mtaro wa nani" linakuwa kubwa hivyo. Pale ndipo chama kinapoingia.

Tena fikiria huu mtaro mmoja. Ukichimbwa mahali ambapo maji hayapiti, milioni 1.3 imekwenda na mafuriko yako palepale. Sisi kamati tulipanda juu ya mti wa mkuyu Aprili, maji yakiwa mengi, tukaona kwa macho yanakokwama. Wazee walituonyesha mkondo wa zamani wa mto. Maarifa yale yote hayakuwa na sauti mbele ya hesabu ya kura za mchujo.

Na kuhusu pesa, vyama navyo vinakula pesa za umma. Sheria ya Vyama vya Siasa inasema Hazina ya Vyama ipate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Ofisi ya chama kwenye kaunti yenu inaendeshwa kwa kodi ya sukari unayonunua. Mwananchi ana haki ya kuingia pale akauliza chama kinasemaje kuhusu mto wake. Mimi nilienda. Nilikaa kwenye benchi saa mbili, nikaambiwa nirudi, nikarudi. Mara ya pili waliniandikia jina. Nitakwenda ya tatu.

#6 Mama Omena Nyalenda

Wanangu, nisikilizeni na mimi. Nauza omena Kibuye, naishi Nyalenda karibu na mto Auji. Mvua ikinyesha usiku mzito, kwetu mtu anaamka kupima maji kwa mguu kabla hajawasha taa, kwa sababu ya stima.

Mnasema tujitokeze kwenye vikao vya umma. Nilikwenda kimoja. Tangazo lilikuwa gazetini, mimi gazeti nafungia omena, nikaliona kwa bahati. Kikao kilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mbali na mtaa. Nilifunga biashara, nikalipa boda. Kufika, viti vya mbele vimejaa watu wenye fulana za chama, wamesombwa na gari moja, na kila mmoja akisimama anasema jambo lilelile, kama waliofundishwa. Mimi nilipoinua mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Chai ilikuwepo. Niliinywa nikarudi.

Sasa nifundisheni. Mtu kama mimi aanze wapi?

#7 Mwanakano

Mama, shikamoo, na pole sana. Ninachojua nakupa.

Mwaka wa bajeti ya kaunti una tarehe zake kisheria, zote haziwezi kufichwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bungeni kabla ya Septemba 1. Ukikosa kuingia kwenye mpango huo, mradi wako unapata shida kuingia bajeti. Februari 28 ndiyo mwisho wa kupeleka taarifa ya mikakati ya fedha, ambayo inaamua kila idara ipate kiasi gani. Aprili 30 makadirio yenyewe yanafika bungeni, na yanapaswa kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Wenye fulana hujaa vikao vya Aprili na Mei, mambo yakiwa yameshaiva. Julai na Agosti, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, viti viko wazi kabisa. Nenda wakati huo.

La pili, peleka karatasi. Maneno ya mdomo yanapotea, karatasi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina maisha. Andika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi. Sema: hapa Auji inajaa, kaya ni ngapi, vyoo ni vingapi, tunaomba hiki. Watie sahihi wenzako. Chapa nakala mbili, moja waipokee, ya pili waigonge muhuri ubaki nayo.

La tatu, na hili ndilo la uzi huu, uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mchujo utakuwa miezi kadhaa kabla. Kabla ya hapo watakuja Nyalenda wote, wenye tiketi na wasio nayo. Mgombea akija mkutanoni, mwonyesheni karatasi ileile yenye muhuri, mwambieni aisome kwa sauti mbele ya watu na aseme atafanya nini. Mchujo ukipita, mama, hata simu hawatashika.

#8 Mwalimu wa Njoro

Naunga mkono hoja ya mwisho. Na tusiogope ya juu pia. Februari 2018 serikali ya Jubilee ilipiga marufuku ukataji miti misituni. Desemba 2022 serikali ya Kenya Kwanza ikazindua mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Halafu Julai 2023, ibadani huku Molo kwetu, Rais akatangaza marufuku ile imeondolewa, miti iliyokomaa ivunwe, watu wapate kazi. Mambo yakafika mahakamani. Na Novemba 13 mwaka uleule tukapewa sikukuu ya kupanda miti.

Nilikwenda na wanafunzi siku hiyo. Tulipanda miche 200 kwenye kingo za mto, na nimerudi kuihesabu kila muhula. Iliyobaki hai ni 61, karibu yote ni ile ambayo watoto wa nyumba za jirani walikubali kuimwagilia. Naandika haya kwa sababu tangazo la chama linamalizika jioni ile, na mche unataka maji Januari. Kwenye bajeti ya kaunti ulizeni fungu la kumwagilia na kulinda. La kununua miche huwa lipo.

#9 Mlima Tinderet

Chamgei, wadau. Nimesoma yote kimya, nikasema niandike, maana mimi ndiye mtu wa juu mnayemzungumzia. Nalima viazi na chai kidogo upande wa Londiani, na kijito kinachopita chini ya shamba langu kinaishia Nyando.

Niwaambie tunachoambiwa huku. Kila uchaguzi anakuja mtu na kipaza sauti: "Watu wa ziwa wanataka kuwatoa mlimani. Chagueni chama chetu kiwalinde." Ukiwa na watoto na shamba la ekari mbili ambalo baba alilipata kwa shida, neno hilo linakuingia. Unapiga kura kwa hofu, wala humuulizi mgombea kuhusu mmomonyoko, ingawa udongo wako mwenyewe unashuka mtoni kila Aprili. Mwaka juzi nilipoteza mistari minane ya viazi usiku mmoja. Ule udongo mweusi, Mwanakano, ndio uliozibia mtaro wako.

Hakuna aliyewahi kuja kutuambia: lindeni kingo, mita 6 hadi 30 kama sheria inavyosema, na sisi wa chini tutachangia miche. Tunachoambiwa ni mtahamishwa. Nimepanda mianzi na majani ya tembo kando ya kijito changu kwa akili yangu. Ng'ombe wanakula majani, udongo umetulia. Jirani zangu watatu wameiga. MCA wetu alipita akapiga picha akaondoka.

Mimi si adui wa mtu wa Kano.

#10 Mwanakano

Ndugu yangu wa mlimani, nimemsomea mama ujumbe wako, nikamtafsiria pale Kiswahili kilipokuwa kizito. Alinyamaza, kisha akauliza una watoto wangapi.

Nakuomba mambo mawili. Mianzi yako, kama una machipukizi ya kugawa, nitakuja mwenyewe kuyachukua, nauli ni yangu. Kitalu chetu hakikupata pesa, basi tutakianza nyuma ya kanisa. Na la pili: mvua ikinyesha kwako, kwetu hakuna dalili. Jua linawaka, kisha usiku mto unakuja. Ukiwa na nafasi, weka kopo nje, na ikinyesha sana niambie hapahapa au kwa ujumbe wa faragha. Tukipata saa chache tu, tunahamisha wazee, mbegu na kuku.

Nitakuja pia na ile karatasi. Tuandike barua moja, wewe usaini ukiwa wa Kericho na mimi nisaini nikiwa wa Kisumu, tuipeleke kwa mabunge yote mawili ya kaunti na kwa ile jumuiya ya kaunti za ziwa, na nakala kwa ofisi za UDA na ODM za pande zote. Wataona majina ya vyama viwili kwenye karatasi moja juu ya mto mmoja.

#11 Mhasibu Milimani

Barua mkiiandika, nitumieni. Nitawawekea hesabu ya gharama ukurasa wa pili, ili isirudishwe kwa kukosa makadirio. Bila malipo.

#12 Mama Omena Nyalenda

Sisi tumepata sahihi 43 tayari. Muhuri Jumatatu.

#13 Mlima Tinderet

Mwanakano, uko? Mvua kubwa hapa tangu saa tisa mchana. Kopo limejaa na kumwagika. Kijito kimekuwa chekundu na kinavuma. Waambie watu wa chini.

#14 Mwanakano

Nimepata, ndugu. Nimempigia chifu na mwalimu mkuu. Kwetu bado kukavu, lakini tunapakia mbegu za mpunga sasa hivi na mama ameshakubali kwenda kwa shangazi. Endelea kuniambia.